KUJIFUNZA GITAA LA BESI KWA SIKIO

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, mtaa wa West Indies, Eldoret



Tumetumwa na kamati ndogo ya vijana kusema machache juu ya hoja iliyo mbele yenu, yaani hoja ya kuliuza gitaa la besi la chama pamoja na spika yake, ili fedha zitakazopatikana zitiwe katika mfuko wa mazishi. Hoja hiyo haikuletwa kwa chuki, nasi hatuijibu kwa chuki. Mzee aliyeileta alisema kweli: gitaa limelala ghalani tangu mpigaji wetu alipohamishwa kikazi, mwalimu hatuna, na ala isiyopigwa ni mali iliyokufa. Twakubali yote aliyoyasema isipokuwa jambo moja. Alisema ya kuwa pasipo mwalimu hapana kujifunza. Hapo ndipo tulipoomba nafasi ya kusema, na twamshukuru Mwenyekiti kwa kutupa.

Huenda wapo kati yetu wasioweza kulitofautisha gitaa hili na magitaa mengine, wala si ajabu, maana katika bendi mpiga besi ndiye mtu asiyetazamwa. Gitaa la solo huimba juu, gitaa la ridhimu husuka katikati, na besi hutembea chini, na wachezaji huifuata kwa miguu yao pasipo kujua kwamba wanaifuata. Siku isipokuwapo ndipo watu husema muziki wa leo hauna uzito, wala hawajui kilichopungua. (Sisi makarani twaielewa hali hiyo, hakuna amwonaye karani mpaka siku barua ipotee.) Gitaa hilo lina nyuzi nne nene badala ya sita. Ukianza na ule mnene kuliko yote, nyuzi hizo huitwa E, A, D na G. Ni majina yale yale ya nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida, ila sauti zake zimeshushwa oktava nzima. Uzi wa E hutetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde, na wa G kama mara 98. Kumbukeni hesabu hiyo, kwa kuwa tutairudia tutakapofika kwenye habari ya simu za mkononi.

Wazee waliokuwa watoto au vijana katika miaka ya 1950 na 1960 wataikumbuka sauti ya mtu mmoja na gitaa moja kavu, lisilo la umeme. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, alisikika kana kwamba ni watu wawili. Huku kwetu magharibi alikuwako George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, naye vivyo hivyo: kidole cha shahada kikiimba wimbo, na kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi za chini. Leo Fender wa California alipoanza kuuza gitaa la besi la umeme mwaka 1951, na bendi za Nairobi zilipolipokea katika miaka ya 1960, kile kidole gumba kilipewa gitaa lake na mtu wake. Twasema hivi ili isidhaniwe kwamba besi ni mgeni aliyekuja na kelele za siku hizi. Kazi yake ilikuwapo kabla ya umbo lake.

Ufundi wa kidole gumba haukuwa na kitabu. Ulipita kwa jicho na kwa sikio. Wala kabla ya gitaa mambo hayakuwa namna nyingine. Mpiga nyatiti katika Waluo, mwenye nyuzi zake nane na pete yake ya chuma katika kidole cha mguu, hakujifunza kwa karatasi. Aliketi karibu na aliyemtangulia, akasikiliza, akaigiza, akakosea, akarudia. Mpiga litungu katika Wabukusu hali kadhalika. Na kama yupo atakayesema kwamba hayo yalikuwa mambo ya nyumbani, ambayo mtoto huyanyonya pamoja na maziwa, na ya kwamba muziki wa kigeni hauna budi kufundishwa darasani, basi na aifikirie habari ya Kapkatet. Huko, mwaka 1950, Hugh Tracey alinasa wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, likiwa limegeuzwa kidogo likae vizuri ulimini. Watu walikuwa wamemsikia katika sahani za gramafoni. Hawakumwona, lugha yake hawakuijua, wala hakuna aliyewaeleza nyuzi za gitaa lake zinapangwaje. Wakamtia katika wimbo wao, kwa chepkong', ala yao wenyewe ya nyuzi. Kama sikio liliweza kumchukua mgeni kutoka sahanini na kumkalisha katika nyuzi za Kipsigis, twadhani laweza kuichukua besi ya Nairobi na kuiketisha katika ukumbi huu.

Lakini tusidanganyane. Wapo watu wasemao ‘kwa sikio’ wakidhani ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho au huzaliwa bila nacho. Vijana kadhaa wameliacha gitaa kwa sababu ya dhana hiyo. Walilishika jioni moja, wakatafuta wimbo wote kwa vidole, hawakuuona, wakasema hawakujaliwa. Kujifunza kwa sikio ni kazi yenye mpango wake kama ilivyo useremala, na mpango huo ndio tunaotaka kuueleza sasa, kama tulivyouona ukifanya kazi hapa mtaani.

Yuko kijana mmoja, jirani yetu, ambaye riziki yake ni kutengeneza pikipiki. Kwa kuwa besi ya chama imefungiwa, alianza na gitaa kavu la kuazima, akizipiga zile nyuzi nne za chini peke yake, maana majina yake ni yale yale na mpangilio wa vidole ni ule ule. Kwanza alisikiliza kwa simu, na miezi miwili ya kwanza alikuwa akipiga vitu visivyomo katika wimbo. Sababu si uzito wa sikio lake. Spika ndogo ya simu haina kifua cha kutoa sauti ya mitetemo 41, wala ya 98. Husikika waimbaji, magitaa ya juu na matoazi, na besi yenyewe haipo. Kijana huyo alikuwa akiitafuta sindano katika nyumba ambayo haikuangukia. Alipopata visikizi vizuri vya kutia masikioni, na siku nyingine alipoiunganisha simu na spika kubwa ya rafiki, alikuja kwetu mbio kutuambia kwamba wimbo alioujua tangu utotoni una mtu ndani yake ambaye hakuwahi kumsikia.

Kisha akafanya neno ambalo kwetu ndilo kiini cha jambo lote. Aliliweka gitaa kando, akaiimba besi kwa mdomo. Si maneno ya wimbo, bali ile sauti ya chini peke yake, kwa kuguna, huku akifungua injini za watu. Asichoweza kukiimba mtu hawezi kukipiga. Vidole vitakisia, na makisio yakirudiwa mara nyingi huwa mazoea. Aliimba mpaka akajua ni wapi besi inasema na ni wapi inanyamaza. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa Sina Makosa wa Les Wanyika, kundi lililoundwa Nairobi mwaka 1978, na besi yake ilikuwa mkononi mwa Tom Malanga. Alichagua vema kuliko alivyojua. Malanga hakulijaza kila pengo. Husema maneno machache, hukata, huacha nafasi, na mchezaji huivuka nafasi hiyo kwa mguu wake mwenyewe. Mwanafunzi akisikiliza besi ya namna hiyo hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kunyamaza nako ni kazi, na kwamba mkono wa kushoto unaobana uzi ndio pia unaouzima, kwa kulegea kidogo tu.

Baada ya kuimba, hutafutwa nyumbani kwa wimbo. Kila wimbo una sauti moja ambayo juu yake waweza kusimama na kusema umekwisha. Iache nyimbo ipite, kisha gunia ile sauti ya kupumzikia. Hiyo ndiyo do. Itafute katika uzi mnene, ukipanda chuma kimoja kimoja cha shingoni (wapigaji huviita freti), na kila kimoja ni nusu ya hatua. Ikiisha kupatikana, mengine yako karibu kuliko mtu anavyodhani. Uzi unaofuata, mahali pale pale, ni fa. Uzi huo huo, freti mbili mbele, ni so. Ruka nyuzi mbili na freti mbili, umeifikia do ya juu. Ni kama nyumba ya vyumba vinne, na mpango wake haubadiliki hata ukihamia mtaa mwingine wa shingo. Ukilijua umbo moja umezijua funguo zote. Nyimbo nyingi mno za dansi na za kanisa hujengwa juu ya do, fa na so, na mwanafunzi akijua ni katika pigo la ngapi besi inatoka do kwenda fa, amekwisha kuushika mgongo wa wimbo. Mapambo yatakuja baadaye. Benga ni habari nyingine: besi yake ina maneno mengi na hujibizana na gitaa la juu, nasi twashauri isiwe ndiyo mlango wa kuingilia.

Zipo siku hizi programu za simu zinazoupunguza mwendo wa wimbo pasipo kuishusha sauti yake, nazo ni msaada mkubwa. Wa kale walifanya hivyo kwa mashine ya sahani. Sahani ya mizunguko 33 ikichezwa kwa 16 huenda nusu ya mwendo na hushuka oktava kamili, ikichezwa kwa 45 hupanda, na ile besi iliyokuwa imezama huinuka ikasikika wazi. Mkumbuke pia kwamba sahani na kanda za zamani hazikuenda sawasawa nyakati zote, hata wimbo ukaangukia kati ya funguo mbili. Hapo si gitaa lenye makosa. Mtu hulegeza au kukaza nyuzi zake zifuatane na wimbo, kisha huzirudisha.

Sasa twafika kwa wazee. Katika kamati yetu ilionekana kwamba mwalimu tunayemlilia tunaye, isipokuwa hajajua kuwa yeye ni mwalimu. Wangapi kati yenu mlioimba besi katika kwaya za shule za misheni na makanisa? Mlifundishwa kwa do, re, mi, fa, so, la, ti, kwa herufi zilizoandikwa ubaoni. Namna hiyo ya kusoma sauti ilianzishwa Uingereza na mama mmoja aitwaye Sarah Glover, ikasambazwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta huku pamoja na vitabu vya nyimbo. Mzee aliyeimba besi miaka thelathini ana ndani ya kifua chake yote tuliyoyataja. Ubeti unapokwisha, sauti yake hushuka kutoka so hadi do bila ya yeye kufikiri. Anajua ni wapi pa kusubiri sauti za juu zimalize. Anajua kuitegemeza sauti ya mwenzake pasipo kumfunika. Kijana anayo simu na vidole vyepesi; mzee anayo besi yenyewe. Mzee akiuimba mstari wake polepole, na kijana akautafuta katika nyuzi, somo limekwisha kuanza, wala hapahitajiki cheti cha mtu.

Hatuwadharau wasomao noti. Kijana atakayetaka kupiga kanisani, ambako nyimbo huhamishwa ufunguo mara moja mwimbishaji akiona watu wamechoka, atahitaji kujua majina ya funguo, na siku moja yafaa ajue kusoma. Lakini kusoma si mlango wa pekee. Paul McCartney wa Uingereza, aliyelichukua gitaa la besi mwaka 1961 kwa sababu bendi yake ilikuwa haina mpigaji, amesema mara nyingi kwamba hasomi wala haandiki noti. Na kwa kuwa mtaa wetu umebeba jina la West Indies, visiwa ambavyo wengi wetu hatutaviona, haifai tuvipite pasipo kuvisalimu. Katika Jamaica, kimoja cha visiwa hivyo, besi ndiyo baba wa nyumba; ngoma na magitaa hukaa pembeni kuisikiliza. Aston Barrett, aliyempigia besi Bob Marley, alifariki mwaka 2024. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi. Sisi tunalo lililokamilika, limefungiwa pamoja na sufuria za misiba.

Yako malalamiko ambayo si ya kupuuzwa. La kwanza ni kelele. Jirani mmoja alikuja kwa Katibu mwaka jana, na alikuwa na haki, kwa maana sauti ya chini hupenya ukuta wa mawe ambapo sauti ya juu hugonga ikarudi. Jawabu ni kwamba besi yaweza kufanyiwa mazoezi bila ya spika. Mtu akikiegemeza kichwa cha gitaa juu ya mlango au kabati la mbao, mbao hutetemeka, naye husikia kila alipigalo, wakati jirani hasikii kitu. Spika itawashwa Jumamosi tu, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Tena haitapandishwa kupita kiasi, kwa ajili ya masikio ya vijana wenyewe. Sikio likiharibiwa na makelele haliponi, na hapa ndilo kitabu chetu.

Malalamiko mengine yasemwayo kwa sauti ya chini ni ya baa. Wazee husema gitaa humpeleka kijana baa. Hatutakana kwamba imetokea. Bali twauliza, kijana anayetaka kuisikia besi ikipigwa na mtu aliye hai, mjini Eldoret, aende wapi usiku wa Jumamosi kama si huko huko? Akiisikia hapa saa tisa mchana, mzee wake akiwa ameketi kiti cha mbele, amepata alichokitafuta kabla jua halijatua.

Tena ni habari ya fedha, ambayo ndiyo iliyoizaa hoja. Mfuko wa mazishi una haja, nasi tumeziona hesabu za Mweka Hazina, zilizo katika kijitabu hiki. Lakini gitaa la mtumba huuzwa kwa bei ya mtumba. Fedha zake zitamezwa na misiba miwili au mitatu, na tukiisha kuliuza hatutalinunua tena. Upande mwingine, kila mkesha wa matanga na kila harusi ya mwanachama hukodiwa mpigaji wa kinanda kutoka nje, hulipwa, husafirishwa, hulishwa. Vijana wetu wanne wenye solo, ridhimu, ngoma na sauti wapo tayari. Wanachokosa ni huyo mtu wa chini asiyeonekana. Yule fundi wa pikipiki, aliyeanza mwezi wa Machi na gitaa la kuazima, alipiga nyimbo kumi na mbili katika harusi ya mtaani mwezi wa Desemba. Wapo wazee humu waliozicheza. Twawaona wakitabasamu, hatutawataja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba hoja hii iahirishwe mpaka Mkutano Mkuu ujao. Katika muda huo gitaa litolewe ghalani kila Jumamosi, liandikwe katika daftari likitoka na likirudi, na wazee wawili walioimba besi waje waketi pamoja na vijana. Tumekwisha kumwomba mmoja; amesema atafikiri, na kwa tabia yake hiyo ni ndiyo. Wa pili twaomba ateuliwe na mkutano huu. Mwaka ujao, mkituona hatukuweza kuzipiga hata nyimbo sita mbele yenu, liuzeni, nasi wenyewe tutalibeba hadi sokoni. Ufunguo wa ghala uko kwa Mweka Hazina. Nyuzi zilizomo zimeshika kutu, kwa hiyo vijana wamechanga wakanunua nne mpya, nazo tumezikabidhi kwa Katibu asubuhi hii.